Jinsi Nilivyoipima Kadi ya Kompyuta Yetu



Mhariri ameniomba nieleze habari za kadi ya kompyuta ya Chama chetu, jinsi ilivyonunuliwa, ikasifiwa, ikarudishwa, na jinsi tulivyopata nyingine. Wako wanaosema kwamba kadi ilikuwa nzuri ila sisi hatukujua kuitumia, na wako wanaosema kwamba muuzaji alituibia. Yote mawili si kweli. Kosa kubwa lilikuwa langu, na kwa kuwa nililitenda mbele ya watu, naona ni haki nilieleze mbele ya watu.

Muhula uliopita Chama cha Kompyuta kilikata shauri kutengeneza filamu fupi ya michoro ya kuonyesha jinsi damu inavyopita moyoni, ili wenzetu wa vidato vya chini wapate kuona kwa macho yale wanayoyakariri kwa midomo. Programu tuliyoitumia ni Blender, ambayo hutolewa bure kwa kila mtu. Filamu ya dakika mbili, yenye picha 24 kila sekunde, ina picha 2,880. Kompyuta yetu peke yake ilichora picha moja kwa dakika 11. Piga hesabu mwenyewe, msomaji: ni saa 528, yaani siku 22 usiku na mchana, na umeme usikatike hata mara moja. Basi tukaona hatuna budi kununua kadi ya michoro.

Kwa wale wasioijua, kadi ya michoro, au GPU kama wauzaji wanavyoiita, ni ubao unaochomekwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha. Prosesa ya kawaida ni kama mafundi hodari wachache. Kadi ya michoro ni kama kijiji kizima kilichotoka kulima kwa ujima: kila mtu ana jembe lake dogo, lakini shamba huisha kabla jua halijawa kali. Kadi ndogo ya GeForce GTX 1050 Ti, iliyotoka mwaka 2016, ina wafanyakazi wa namna hiyo 768. Tena kadi ina ghala lake yenyewe, yaani kumbukumbu, ambamo huweka vitu vyote vya picha inayochorwa. Naomba mlikumbuke sana ghala hilo, maana ndilo lililonifedhehesha.

Wanachama 32 walitoa shilingi 10,000 kila mmoja. Mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili alileta mchango wake kwa sarafu za mia tano, 20 kamili, zimefungwa katika leso. Alizipata kwa kuuza karanga wakati wa likizo. Akaniambia, "Kaka, zihesabu." Nikazihesabu mbele yake, tukaandika jina lake daftarini.

Jumamosi moja Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa na safari ya Dar es Salaam, nami nikafuatana naye kwa treni ya umeme kutoka hapa Morogoro. Kadi mpya zilitushinda bei. Katika duka moja la Kariakoo tukapata kadi iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, kwa shilingi 290,000. Muuzaji akaichomeka, kioo kikawaka, akatuandikia risiti yenye ahadi kwamba ikiwa mbovu ataipokea ndani ya siku 7. Akasema, "Mwalimu, ipimeni vizuri huko shuleni. Siku ya nane mimi simo."

Jumapili usiku nikaanza kupima. Nilikuwa nimesikia sifa za programu iitwayo FurMark, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2007. Programu hii huchora pete moja iliyoota manyoya na kuizungusha. Ukiitazama utadhani ni mchezo wa watoto, lakini manyoya yale ni hesabu nyingi ajabu, na kadi hulazimika kutoa nguvu zake zote. Joto likapanda hata digrii 60, kisha 70, kisha 76, likasimama digrii 79 za Sentigredi. Feni zikavuma kama mashine ya kukoboa mahindi. Nikangoja dakika 30. Kadi haikuzimika, kioo hakikuingia giza, na pete ikaendelea kuzunguka kama ilivyoanza.

Jumatatu, katika mkutano wa Chama, nikasimama nikasema, "Ndugu wanachama, kadi yetu imefaulu mtihani mgumu kuliko mitihani yote." Wakapiga makofi. Yule mdogo wetu wa karanga akauliza, "Kaka, ni nzima kweli?" Nikamjibu bila kusita, "Nzima kabisa."

Jumatano jioni tukaanza kuchora filamu. Picha moja sasa ilichukua sekunde 40, hata zile siku 22 zikawa saa 32. Furaha yetu haikuwa na kiasi. Lakini Alhamisi asubuhi, tulipozifungua picha za usiku, tukaona katika picha 9 vidoa vya kijani na zambarau juu ya ukuta wa moyo, kama kwamba mtu amenyunyiza wino. Tukazichora upya picha zile zile. Vidoa vingine vikatoweka, vingine vikahamia mahali pengine.

Wenzangu wakalaumu Blender. Mmoja akalaumu mchoro wenyewe. Mimi nikanyamaza. Moyoni nilijua kwamba kosa la mchoro hurudi mahali pake pale pale kila mara, bali kosa linalohamahama aghalabu ni la chombo. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema mbele ya watu kwamba kadi ni nzima, na ulimi ukawa mzito. Siku nzima nilipita nikijifanya nina kazi nyingi. Wahenga walisema kweli, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nikihesabu siku, naona zimebaki mbili tu. Nikikumbuka zile sarafu 20, naona haya hata kumtazama mwenye nazo katika foleni ya chakula.

Baada ya chakula cha jioni nikaenda kwa Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona umeinamisha kichwa?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atanikemea, lakini aliniuliza tu, "Hiyo FurMark uliiuliza nini?"

"Niliiuliza kama kadi ni nzima, Mwalimu."

"Hapana. Uliiuliza kama kadi yaweza kustahimili joto na kazi nzito, nayo ikakujibu kweli. Je, uliiuliza habari za kumbukumbu?"

Sikuwa na la kujibu.

"Mwanafunzi akishinda mbio za maili moja," akasema, "tumpe cheti cha Hesabu?"

Akanifungulia chumba cha kompyuta, tukakaa mpaka usiku tukisoma juu ya programu za kupimia kadi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ziko namna nyingi, na kila moja ina swali lake.

Ya kwanza ni namna ya FurMark, inayouliza habari za joto na umeme. Ni nzuri kwa kumjulisha mtu kama feni zinafanya kazi na kama pesti ya kupitishia joto imekauka. Lakini hutumia sehemu ndogo tu ya kumbukumbu. Ghala letu lilikuwa la gigabaiti 8, nami nililitazama mlangoni tu nikasema limejaa nafaka safi. Tena kazi yake ni nzito kupita kazi za kawaida, hata watengenezaji wa kadi waliiogopa. Mwaka 2008 watu waligundua kwamba draiva za kadi za AMD za wakati ule ziliitambua FurMark kwa jina la faili lake na kuipunguzia kasi. Walipolibadili jina la faili, kadi ikakimbia kwa nguvu zote. Mwezi wa Novemba, 2010, NVIDIA nayo ilitoa kadi ya GTX 580 yenye vyombo vya kupima umeme, ambavyo viliipunguza mwendo kadi ilipokutana na FurMark. Basi kadi inaweza kufanya kama mwanafunzi anayebadili mwendo anapomwona Mwalimu wa zamu. Jinsi anavyotembea wakati ule si kipimo cha siku yake nzima.

Namna ya pili ni programu zinazochora mandhari kamili kama ya michezo. Kampuni ya Unigine ilitoa Heaven mwaka 2009, yenye visiwa vinavyoelea angani, na Superposition mwaka 2017, inayoonyesha darasa lililohamwa ambamo profesa mmoja hufanya majaribio yake ya hatari. Iko pia 3DMark, ambayo jaribio lake la ustahimilivu hurudia mandhari mara 20 na kulinganisha mwendo wa kila mara; ili kadi ifaulu, uthabiti wake uwe angalau asilimia 97. Hizi huuliza kama kadi yaweza kushika mwendo mmoja bila kuchoka, huku kazi ikibadilika badilika kama ilivyo katika matumizi ya kweli.

Namna ya tatu ni zile zinazopima kumbukumbu, na hizi sikuwa nimezijua kabisa. OCCT inalo jaribio la namna hiyo. Iko na nyingine ndogo, ya bure, iitwayo memtest_vulkan. Haina picha yoyote ya kupendeza. Huandika namba katika ghala la kadi, kisha huzisoma tena na kuangalia kama zimerudi kama zilivyoandikwa. Ikiwa namba moja imegeuka, hukuambia. Ni kama mtunza ghala anayehesabu magunia jioni, na asubuhi huyahesabu tena.

Tukaiendesha memtest_vulkan usiku ule ule. Dakika ya kwanza salama. Ya pili salama. Katika dakika ya nne, kioo kikajaa maneno ya makosa. Mwalimu akanitazama, nami nikatazama chini.

Nilitaka kumpigia muuzaji simu papo hapo, lakini Mwalimu akanizuia. Akasema kwamba kabla ya kumshtaki mtu ni lazima tujue kuwa kosa si letu. Ijumaa tukaibadili draiva, tukaichomeka kadi katika kompyuta nyingine yenye pawa saplai nyingine, tukapima tena mara tatu. Makosa yakarudi mara zote tatu, na kila mara yalikuja baada ya kadi kupata joto. Sasa hapakuwa na shaka.

Hapo nikafahamu pia kwamba kadi za mitumba huweza kuwa na historia ndefu. Sarafu ya mtandaoni iitwayo Ethereum ilikuwa ikichimbwa kwa kadi za namna hii mpaka tarehe 15 Septemba, 2022, ilipobadili utaratibu wake, na kadi nyingi zilizokosa kazi zikauzwa. Uchimbaji ule ulisumbua hasa kumbukumbu, mchana na usiku. Sisemi kwamba kila kadi iliyochimba ni mbovu, wala sijui yetu ilitoka wapi. Nasema tu kwamba anayenunua kadi iliyotumika akiacha kupima kumbukumbu, ameacha kupima mahali ambapo huenda pamechoka kuliko pote.

Jioni ya Ijumaa nikaomba mkutano wa dharura. Nikasimama pale pale niliposimama Jumatatu, nikasema, "Ndugu wanachama, niliwaambia kadi ni nzima. Sikujua nilichosema. Kadi ni mbovu, na kesho ni siku ya mwisho ya kuirudisha." Hakuna aliyepiga makofi. Yule mdogo wetu wa Kidato cha Pili hakusema neno, alinitazama tu. Nawaambieni kweli, ningependa zaidi aniseme.

Jumamosi, siku ya saba, tukapanda treni ya alfajiri. Muuzaji alitupokea vizuri, lakini aliposikia shida yetu akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, kadi hii niliiwasha mbele yako, ikawaka."

"Kaka, kuwaka iliwaka," nikamjibu, "ila kumbukumbu yake hukosea. Tafadhali turuhusu tukuonyeshe."

Akaichomeka katika kompyuta yake mwenyewe. Nikaiendesha memtest_vulkan kutoka kwenye flashi. Dakika tano zikapita bila kosa hata moja, na programu ikatangaza kwamba kadi imefaulu. Muuzaji akatabasamu. Watu waliokuwa wakingoja wakaanza kunitazama kama mtu aliyekuja kuvunja jina la duka. Jasho likanitoka.

Mwalimu akaninong'oneza, "Duka hili lina kiyoyozi."

Hapo akili ikanirudia. Shuleni chumba chetu kilikuwa na digrii 31; pale dukani palikuwa na baridi, na kadi ilikuwa haijapata joto. Nikamwomba muuzaji atupe dakika 20 tu. Nikaiendesha FurMark, ile ile niliyoitumia vibaya mwanzo, mpaka kadi ikapata joto vizuri. Kisha, kabla haijapoa, nikarudia kupima kumbukumbu. Haikupita hata dakika mbili, makosa yakamiminika.

Muuzaji alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Na mimi sikujua. Huwa naziwasha tu." Akatoa kadi nyingine ya namna ile ile, akaniambia niipime kwa kadiri nitakavyo. Tukaipima saa nzima: joto, mandhari, na kumbukumbu ikiwa bado ya moto. Haikukosea. Kabla hatujaondoka, aliniomba nimwachie programu zile katika kompyuta yake ili awe anapimia kadi zake kabla ya kuziuza. Nikamwonyesha azipakue mwenyewe kutoka kwa watengenezaji wake, maana nakala za mkononi huweza kubeba virusi.

Sasa, ndugu zangu, kama yuko atakayetaka kuchagua programu ya kupimia kadi, nampa shauri hili nililolinunua kwa aibu.

Kwanza, usiulize ni programu ipi iliyo kali kuliko zote. Uliza kadi yako itafanya kazi gani. Ikiwa ni michezo, mandhari kama Superposition yatakufaa zaidi kuliko pete ya manyoya. Ikiwa ni kazi ya kujaza kumbukumbu, kama filamu yetu, usithubutu kuacha kupima kumbukumbu. Na mwisho wa yote ipe kazi yako yenyewe usiku mmoja, maana hakuna mtihani unaoshinda huo.

Pili, pasha kadi joto kwanza, ndipo upime kumbukumbu. Kosa lililolala katika baridi huamka katika joto. Kadhalika ukisoma vipimo vya watu wa nchi za baridi, kumbuka hewa ya kwetu. Aliyepimia katika chumba cha digrii 20 akapata 70, wewe katika chumba cha digrii 31 usishangae ukipata karibu na 81, ikiwa feni zinakwenda sawa.

Tatu, usiiache kadi peke yake wakati wa mtihani mkali. Kaa ukitazama joto. Kadi nyingi hujipunguza mwendo zenyewe zikifika karibu na digrii 83 au zaidi. Ukiona hivyo, simamisha, safisha vumbi, kisha ujaribu tena. Angalia pia pawa saplai yako. Tundu la ubao mkuu hutoa wati 75 tu, na kadi inayohitaji zaidi lazima iwe na waya wake imara. Mtihani wa dakika 15 au 30 watosha kwa joto. Kuitesa kadi siku nzima hakuongezi elimu.

Nne, na hili ndilo kubwa, kadi ikifaulu usiseme "ni nzima." Sema, "Imefaulu jaribio fulani, kwa muda fulani, katika joto fulani." Ni maneno marefu, wala hayapigiwi makofi, lakini mtu hawezi kukurudia nayo siku ya tatu.

Jumatatu iliyofuata niliwaeleza wanachama yote tuliyoyapima, moja baada ya jingine, pamoja na dakika zake. Nilipomaliza, yule mdogo wetu akainua mkono akauliza, "Kaka, na umeme ukikatika katikati, hilo mmelipima?" Hatukuwa tumelipima. Nikamwambia hivyo mbele ya wote, tukalipima pamoja alasiri ile kwa kuzima swichi ya ukutani Blender ikiwa inachora. Picha moja iliyokuwa mkononi ilipotea. Zilizokwisha kuhifadhiwa zilikuwa salama, na kazi ikaendelea palepale ilipokomea.

Filamu imekwisha sasa, picha zote 2,880, wala hazina doa. Wanaotaka kuiona waje chumba cha kompyuta siku ya Ijumaa baada ya vipindi. Atakayewasha mashine ni yule mwenye sarafu 20.

Mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tano,
Chama cha Kompyuta.